Mgeni wa Siku Moja na Magofu ya Wazee Wetu

Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma, bandari ya Kilindini huanza kupokea meli kubwa za watalii. Meli hizo hufunga gatini asubuhi mapema, na aghalabu jua likichwa huwa zimekwisha kung'oa nanga kuelekea Unguja, Shelisheli au kusini mwa Afrika. Katikati hapo abiria ana muda wa saa nane, pengine kumi, wa kuiona pwani yetu. Wengi hupandishwa mabasi yaliyokwisha kupangwa tangu melini, wakapelekwa Tsavo kutazama ndovu au madukani kununua vinyago, kisha wakarudishwa mbio mbio kabla ngazi ya meli haijapandishwa. Miji ya kale iliyo karibu huachwa kama nyumba ya jirani isiyopigwa hodi.

Lakini wako wengine wasiopenda kuongozwa makundi makundi. Hao husoma kabla ya kuja, hushuka na ramani mkononi, wakauliza: Je, naweza kwenda magofuni kwa nafasi yangu na kurudi kabla meli haijaondoka? Swali hilo ndilo tutakalo kulijibu leo, kwa sababu majibu wanayopewa langoni mwa bandari mara nyingi hayana ukweli. Ama huambiwa ni mbali mno, haiwezekani. Ama huambiwa hakuna matata, yote yataonekana, madhali pesa zimetoka. Majibu yote mawili ni mabaya. La kwanza humnyima mgeni alichokifuata. La pili huweza kumwacha gatini akiitazama meli yake ikitokomea.

Rai yetu ni hii: safari ya siku moja kutoka Kilindini hadi magofuni inawezekana, mradi ipangwe kwa saa na kwa ukweli; na wa kwanza wenye wajibu wa kuusema ukweli huo ni sisi wenyeji. Magofu hayo si mawe yasiyo na wenyewe. Ni misikiti, nyumba na makaburi ya Waislamu waliosali wakielekea kibla hiki hiki chetu. Mgeni akipunjwa njiani, au akisimuliwa uongo mbele ya mihrabu, jina linaloharibika ni letu.

MSAFIRI WA USIKU MMOJA

Mwenye kudhani kwamba mgeni apitaye hana maana na akumbuke habari ya Ibn Battuta. Mwaka 1331 msafiri huyo wa Morocco alishuka Mombasa akitoka Mogadishu. Alilala usiku mmoja tu, kisha akaendelea na safari yake ya Kilwa. Usiku huo mmoja ulimtosha. Aliandika kwamba watu wa Mombasa walifuata madhehebu ya Imam Shafii, kwamba walikuwa wacha Mungu na watu wema, na kwamba misikiti yao ilijengwa kwa miti kwa ufundi mzuri. Aliona visima milangoni mwa misikiti, na akaona kwamba watu walikwenda miguu mitupu, kwa hivyo kila aingiaye huosha miguu kwanza.

Karibu miaka 700 imepita, na hadi leo hakuna mtaalamu aandikaye habari za Mombasa ya kale bila ya kuyataja maneno hayo machache. Lau wazee wa siku zile wangalimdhulumu msafiri yule au kumfukuza mlangoni, hayo ndiyo ambayo watoto wetu wangaliyasoma vitabuni. Basi abiria wa leo, mwenye kamera mfukoni na jamaa chungu nzima wa kuwasimulia kwao, ni nani wa kumdharau?

Tena wageni hawa hawana hakika ya kurudi. Maharamia wa Kisomali, hasa baina ya mwaka 2008 na 2012, waliziogofya kampuni nyingi za meli. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi katika Bahari ya Sham yamezifanya nyingine zibadili njia zao. Meli inayofika Kilindini baada ya yote hayo yafaa ipokewe kwa akili.

MAGOFU MATATU, BARABARA MOJA

Mwenyezi Mungu ameturahisishia. Kaskazini mwa Mombasa yako magofu matatu makubwa ambayo mtu huyafikia kwa barabara moja tu, ile ya kwenda Malindi. Mgeni hahitaji kupanga foleni ya kivuko cha Likoni. Huvuka daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, akashika njia.

La karibu ni Jumba la Mtwana, kando ya Mtwapa, kilomita 20 hivi kutoka mjini. Huu ulikuwa mji wa karne ya 14 na 15. Ndani yake mna misikiti minne, nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, na mibuyu iliyoota baada ya watu kuhama. Msikiti mmoja uko ufuoni kabisa, hata mwenye kusimama kwenye mihrabu husikia mawimbi. Birika la kutawadhia bado lipo, na karibu na hapo pana kaburi lenye maandishi ya aya ya Kurani inayomkumbusha kila mtu mauti. Mgeni asiyejua Kiarabu hupita bila ya kujua kilichoandikwa. Mwenyeji akimweleza, husimama.

La pili ni Mnarani, ukingo wa kusini wa hori ya Kilifi, karibu na daraja lililofunguliwa mwaka 1991 kuondoa adha ya kivuko. Kutoka Mombasa ni kilomita 60 hivi. Hapo mna msikiti ambao mihrabu yake ilichongwa maandishi ya Kiarabu katika matumbawe kwa mkono uliobobea, na mna kaburi refu la mnara linaloonekana tangu mbali. Ukisimama huko juu waiona hori yote hadi baharini. Hapo hufahamu mara moja kwa nini wazee walichagua kukaa mahali kama pale.

La tatu, na kubwa kuliko yote, ni Gede. Liko kilomita 100 hivi kutoka Mombasa, na kilomita 16 tu kabla ya kufika Malindi. Huu ulikuwa mji kamili uliozungukwa na ukuta, wenye msikiti mkuu wa Ijumaa, jumba la mtawala, visima virefu, vyoo vya ndani na mifereji ya maji. Mji ulistawi hasa katika karne ya 15, ukahamwa mapema katika karne ya 17. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na nyumba zikapewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Majina hayo peke yake yatosha kuonyesha ya kuwa watu wa Gede walifanya biashara na dunia nzima. Kaburi moja lina tarehe yake, mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 Miladia. Na juu ya mlango mmoja wa msikiti mkuu umechongwa mkuki, alama ya Kiafrika juu ya mlango wa nyumba ya Mwenyezi Mungu.

La kustaajabisha ni kwamba Wareno, waliofika Malindi mwaka 1498 na kukaa huko muda mrefu, hawakuacha maandishi yanayoitaja Gede kwa wazi. Mji mzima ulikuwa umbali wa saa chache kwa miguu. Abiria wa meli ya leo ana siku moja tu, lakini akitaka ataiona Gede vizuri kuliko Wareno wale.

HESABU YA SAA

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme meli imefunga saa moja asubuhi na itaondoka saa kumi na mbili jioni. Abiria hutakiwa awe amekwisha kupanda mapema, aghalabu saa kumi na moja au kabla ya hapo. Saa ya kupanda ndiyo ya kufuatwa. Saa ya kuondoka ni ya nahodha.

Kanuni ya kwanza ni kuanza mbali na kumalizia karibu. Mgeni akitoka bandarini saa mbili na nusu asubuhi, kwa sababu ya msongamano wa magari mjini na Mtwapa, ahesabu kufika Gede saa tano. Akae muda wa saa moja na nusu, ambao watosha kuuona msikiti, jumba, makaburi na chumba cha vitu vilivyochimbuliwa. Saa sita na nusu ashike njia ya kurudi. Kwenye saa saba na nusu atakuwa Mnarani; akae nusu saa. Akiondoka hapo saa nane, na njia ikiwa na wema, atafika bandarini saa kumi, akiwa na saa nzima ya akiba. Akiba hiyo asiile. Gurudumu likipasuka au lori likianguka njiani, ndiyo itakayomwokoa.

Lakini kama meli inakaa muda wa saa nane au chini yake, Gede iachwe. Dereva mkweli atamwambia mgeni hivyo hata kama nauli ya Gede ni kubwa zaidi. Aende Jumba la Mtwana asubuhi kungali na umande, arudi mjini aone Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno baina ya mwaka 1593 na 1596, ambamo vyombo vilivyochimbuliwa katika miji ya kale vimewekwa. Kisha atembee kwa miguu Mji wa Kale. Siku hiyo haitakuwa imepotea hata kidogo.

Kanuni ya pili ni kujua kwamba meli hungojea watu wa mabasi yake yenyewe, lakini haiwajibiki kumngojea aliyekwenda peke yake. Anayejipangia safari amechukua dhamana mikononi mwake, na dereva wake amechukua nusu yake.

Kanuni ya tatu yahusu saa zenyewe. Baadhi ya meli hushika saa zao, zisizolingana na za bandari. Mgeni aiulize meli kabla ya kushuka, si baada ya kurudi. Tena uko mtego wa Kiswahili. Dereva akisema tutaondoka saa tatu, ana maana ya asubuhi. Mgeni akisikia tatu, kwa hesabu ya kwao ni alasiri. Pamewahi kutokea maudhi mengi kwa neno hilo moja. Waonyeshane mshale wa saa kwa kidole, jambo liishe.

Yako na madogo yasiyofaa kusahauliwa. Nauli iafikiwane kabla ya gari kuwashwa, ikiwa ni ya siku nzima pamoja na kungojea, na sehemu kubwa ilipwe gari likirudi bandarini. Kiingilio cha makumbusho siku hizi hulipwa kwa njia ya eCitizen, kwa hivyo mwenye noti tu mkononi huenda akakwama mlangoni, mwenyeji amsaidie. Maji ya kunywa, viatu vya kufunika vidole na dawa ya mbu ni lazima, maana Gede ni msitu, na kima wake wamezoea kunyakua chakula. Mwezi wa nne na wa tano masika huharibu njia na ratiba pia.

Na siku ya Ijumaa, dereva Mwislamu asione haya kumwambia mgeni tangu asubuhi kwamba saa saba atasimama kuswali. Aipange swala ndani ya safari, iwe Kilifi au njiani, mahali ambapo mgeni ataweza kupumzika na kula. Mgeni akiambiwa mapema huheshimu. Akiachwa ndani ya gari bila ya maelezo, hukasirika, na haki ni yake.

ADABU NA UKWELI

Msikiti uliobaki gofu si kiwanja cha mchezo. Haifai mtu kukalia mihrabu ili apigwe picha, wala kupanda juu ya kaburi. Lakini hatuwezi kumlaumu mgeni ambaye hakuambiwa. Kazi ya kumwambia ni ya kiongozi wake, na maneno ya upole hutosha. Mwanamke aliyevaa nguo fupi akipewa leso ajifunge kabla ya kuingia Mji wa Kale hufurahi, na mara nyingi huondoka ameinunua.

Lililo kubwa zaidi ni ukweli wa masimulizi. Viongozi wengine huona rahisi kumchekesha mgeni kwa hadithi za mizimu ya Gede, wakamaliza saa nzima bila ya kutaja nani alijenga. Wengine wangali wanakariri maneno ya zama za wakoloni, kwamba miji hii ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo na Mwafrika alikuwa mtazamaji tu. Wataalamu wa leo hawasemi hivyo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mifupa ya kale kutoka makaburi ya pwani, Mtwapa ikiwa mojawapo. Ulionyesha damu iliyochanganyika tangu karibu na mwaka 1000: kwa upande wa akina mama zaidi ni Waafrika, na kwa upande wa akina baba wengi walitoka Asia, hasa Uajemi. Wazee wetu wengi walikuwa wakisema habari ya namna hiyo hata kabla ya wataalamu kuja na vyombo vyao. Mgeni ana haki ya kuisikia.

Na iko elimu nyingine ambayo mtoto yeyote wa madrasa aweza kumfundisha profesa wa Ulaya. Mtu akipotewa ndani ya miti ya Gede asitafute dira. Atafute mihrabu. Kwetu sisi Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja, kwa hivyo kila msikiti wa kale katika pwani hii huonyesha njia ya Malindi na ya Lamu. Mgeni akiambiwa hivyo, mawe yale huanza kusema naye.

FAIDA NI YA NANI?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi kwa basi lipitalo na madirisha yamefungwa. Abiria anayejipangia safari hulipa teksi au matatu, hupanda tuktuk kutoka njia panda ya Gede, hununua dafu Mtwapa, hula samaki na wali Kilifi, na humpa haki yake kijana anayemwongoza. Shilingi zake hubaki mikononi mwa watu wa hapa. Ndiyo maana dereva mmoja mlaghai langoni mwa bandari hadhulumu mgeni peke yake. Humdhulumu na mama muuza mahamri wa Mtwapa, ambaye mteja wake ameogofywa akarudi melini.

Twazishauri serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi, pamoja na wakuu wa bandari na wa Makumbusho ya Taifa, wafanye jambo moja dogo. Uwekwe ubao mkubwa mahali abiria wanaposhukia, ulioandikwa majina ya magofu, umbali wake, muda wa kwenda na kurudi, na nauli zilizokubaliwa na vyama vya madereva. Ubao huo hautagharimu mamilioni. Utamlinda mgeni, na utamlinda dereva mwaminifu asishindwe na mwongo.

Tukimaliza ya wageni, tujiulize yetu. Julai mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, kama Lamu mwaka 2001 na Fort Jesus mwaka 2011. Dunia imekwisha kushuhudia thamani yake. Lakini ni wazee wangapi wa Mombasa waliowahi kuwachukua watoto wao wakaiona? Kiingilio cha mwananchi ni nafuu kuliko cha mgeni. Njia tunayo, na hatuna meli ya kutuacha. Madrasa zetu hupeleka watoto ufuoni siku za likizo. Yafaa mara moja kwa mwaka basi lile liende Jumba la Mtwana, mwalimu awasomee watoto ile aya iliyo kaburini, na kila mmoja auone mahali babu zake walipotawadhia.

Chumvi ya bahari inazila kuta za Jumba, na mizizi inazipasua za Gede. Wenye kulipwa kuzitunza wapo, na wanafanya kazi yao kwa kadiri ya uwezo. Lakini gofu lisilotembelewa na wenyewe halina mtetezi siku ya kugawanywa fedha wala siku mnyakuzi wa ardhi anapokuja na hati yake. Mwenyeji aliyewahi kuingia Gede na mwanawe mkononi atajua la kumwambia mgeni langoni mwa bandari, na atajua la kumwambia mnyakuzi.